Pigo la Bure la Ng'ombe Mwekundu

Leo Garsen nzima imeiona chupi yangu. Nzima, jamani, hata abiria wa basi la Hola waliokuwa wanajipitia zao. Niacheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjaletewa habari na wenye midomo, maana sokoni tayari wanasema nimepigwa na fahali, na fahali hakuwepo kabisa.

Mnanijua. Komora, fundi cherehani, mtu wa Kilelengwani. Na mnaujua ugonjwa wangu, ule mchezo. Kwa asiyeujua: mnakaa mezani, kila mtu ana shujaa wake wa kubuni, na mmoja wenu ni msimulizi. Msimulizi anawaambia mmeingia pangoni, mbele kuna jitu, mnafanyaje? Unasema unalofanya, kisha bahati inaamua. Kitabu cha sheria kinataka dadu la pande ishirini. La kwetu lilitumbukia mtoni zamani, kwa hiyo tunatumia makoma, yale matunda magumu ya mkoma, tuliyoyachora namba kwa wembe. Tunayachomoa kutoka kwenye kofia bila kuchungulia. (Lile la ishirini liliwahi kuliwa na mbuzi. Tukachora jingine, maisha yakaendelea.)

Kitabu chetu tuliachiwa na mwalimu wa kujitolea alipoondoka. Ni toleo la zamani, nimelisoma mpaka kurasa zimechakaa kama noti ya sokoni. Shujaa wangu anaitwa Radi. Ninaye tangu kabla ya mafuriko. Ana upanga, ana farasi, ana kanzu ya chuma, na mimi nina cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Nampenda Radi na sioni haya kusema.

Sasa, juzi Zainabu karudi kutoka Mombasa. Zainabu ni mwalimu, mzaliwa wa Kipini, na ndiye msimulizi wetu. Karudi na toleo jipya! Kaka yake baharia kamletea. Niliposhika lile jalada nililinusa kabla ya kulifungua. Leo asubuhi tukakaa kwenye kibanda cha chai cha mjomba wa Barisa, sisi watatu, tukayalaza matoleo mawili mezani tukaanza kulinganisha sheria za vita. Barisa ndiye wa tatu wetu. Ni Muorma, rafiki yangu wa tangu shule, na ng'ombe wa kwao wanalala nyuma ya kibanda hichohicho.

Raha iliyoje! Nani anaanza kupiga? La zamani linasema kila upande unachomoa koma moja, wenye namba kubwa wanatangulia wote. La jipya linasema kila mtu na koma lake. Safi kabisa. Ukiishiwa uhai je? La zamani: ukifika sifuri umekufa, tukuzike. La jipya: unalala chini unagumia, na mwenzako akikuwahi akakufunga vidonda, unapona. Nilipiga meza kwa furaha mpaka chai ya Zainabu ikamwagika. Nikasema toleo jipya ni zawadi kutoka mbinguni, na atakayelikataa hana akili. (Kumbukeni nilisema hivyo. Wao wamekumbuka.)

Kisha tukafika ukurasa wa kukimbia.

Hapo lazima mjue mchezo wetu ulipokuwa umeishia. Radi alikuwa uso kwa uso na jitu lenye rungu, uhai wake umebaki kiduchu, nami nikatangaza kwamba anageuka anatimua mbio. Giza likaingia, tukaachia hapo. Kwa sheria za zamani hakuna neno, anayekimbia kakimbia. Lakini toleo jipya linasema ukimgeuzia adui mgongo, adui anapata pigo moja la bure. Hachomoi koma kutafuta kama atapata au atakosa. Anakupiga tu. Ukitaka kusalimika, unarudi kinyumenyume, taratibu, macho kwake. Na Radi wangu alikuwa ameshageuka.

Nikasema kwa upole kwamba tuendelee na toleo la zamani.

Zainabu akaniangalia. "Komora, toleo lililokuwa limeshuka kutoka mbinguni, sasa limekuwa la nani?"

Nikapandisha. Mimi nikipandisha, kibanda kizima kinasikia. Nikasema sheria hiyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukimbia. Mtu akishageuka keshaondoka, utampiga nini, vumbi? Barisa alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe, akasema yeye anaona aliyeandika toleo jipya amechunga ng'ombe. Kwao, mtoto kabla hajajua kusali anafundishwa kwamba ng'ombe aliyezaa karibuni hapewi mgongo. Ukimkaribia kwa bahati mbaya, unaongea naye, unarudi nyuma polepole huku mnatazamana. Ukigeuka tu, umekwisha.

Mimi na ng'ombe! Nikacheka. Nikamwambia Barisa kwamba sisi watu wa mashamba tunawajua ng'ombe wao vizuri sana, maana kila msimu tunawakuta ndani ya mpunga wetu, na siku zote wanaokimbia ni wao. Nimefukuza ng'ombe tangu nikiwa na meno ya utoto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunigeukia.

"Wewe unamjua ng'ombe akiwa mwizi," Barisa akasema. "Hujakutana na yeye kwake."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini Radi alikuwa hatarini. Nikasimama, nikatangaza kwamba nitawaonyesha kwa vitendo. Nitaingia zizini, nitamkaribia huyo ng'ombe wao mwekundu aliyezaa juzi, nitageuka, nitakimbia. Asiponigusa, tunafuata toleo la zamani na Radi yuko hai. Akinigusa, jipya. Zainabu akasema sawa, yeye kama msimulizi amekubali. Barisa akanishika mkono akaniomba nisiende. Nikamwambia aniachie, asiogope, sitamuumiza ng'ombe wake.

Nikaingia. Mwekundu alikuwa amesimama kivulini, ndama wake pembeni anayumbayumba. Akainua kichwa. Nikamwamkia, sijui kwa nini, nikamwambia hujambo mama. Nikapiga hatua nyingine. Akashusha kichwa. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani anakula.

Nikageuka, nikatimka.

Jamani, niwaambie ukweli, sikuona kitu. Nilisikia pumzi ya moto kiunoni, kisha miguu yangu ikawa inakimbia na ardhi haipo. Nikaruka juu, nikashuka juu ya ua wa miiba wa zizi, kifudifudi, nusu ndani, nusu nje. Nusu ya nje ilikuwa kichwa changu, kikitazama barabara, na basi la Hola likiwa limesimama papo hapo kushusha mizigo. Nusu ya ndani, pembe ilikuwa imepita nayo. Suruali ilipasuka kuanzia mkanda mpaka gotini. (Niliishona mwenyewe. Mshono ulishika! Kitambaa ndicho kilichoniangusha.)

Nikasikia Barisa ameingia, anaongea na Mwekundu kwa Kiorma, sauti ya kubembeleza, anamrudisha kwa ndama wake. Yeye hakuguswa hata nywele. Abiria wameshajaa madirishani, na kutoka kule juu wanaiona chupi yote. Nikamwona Zainabu amekuja upande wangu wa barabarani, vitabu vyote viwili mkononi, tena hana haraka. Akainama mpaka tukawa sawa usoni.

"Komora. Kwa toleo la zamani, aliyeishiwa uhai ni maiti, na maiti hatumtoi miibani, twamwombea dua tu. Kwa toleo jipya mwenzake aweza kumwahi. Wataka twende na lipi?"

Nilijaribu kujitoa mwenyewe. Miiba ikanikumbusha nilipo.

"La jipya!"

"Hawajasikia."

"La jipya, Zainabu! Toleo jipya!"

Basi zima likashangilia, na hawajui hata tulikuwa tunazungumzia nini. Barisa akanichomoa, akanifunga shuka lake kiunoni, akanipeleka kwao wakanitoa miiba. Shangazi yake alinitoa mmojammoja, anacheka mpaka anafuta machozi.

Jioni tukamaliza ya Radi, mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka. Jitu likapiga pigo lake la bure. Zainabu akachomoa koma la madhara, nami nikafumba macho. Radi akaanguka, lakini hakufa! Akalala anagumia, shujaa wa Barisa akamwahi, akamfunga vidonda. Kwa toleo jipya yuko hai. Nilipiga kelele za furaha mpaka vidonda vikanichoma upya. Kitabu kinasema apumzishwe, asipande farasi mpaka apone.

Nami sikalii cherehani. Wenye nguo kwangu mnivumilie kidogo, mimi na Radi sote wawili tumelala kifudifudi. Na atakayetaka kucheka aondoke kinyumenyume, maana akinipa mgongo, nina pigo langu moja la bure.