Gari la Mkurugenzi Halitaki Haraka

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Halikuwaka. Nilizungusha ufunguo, likasema tk-tk-tk-tk, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Haidhuru. Gari la hadhi haliamki kama kibarua.

Niandike mambo yalivyo, kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani mkuu. Kila asubuhi mkurugenzi alishuka katika gari hili mbele ya ngazi za ofisi, nami nikampokea mkoba. Mkurugenzi akastaafu. Mimi nikastaafu. Mwezi uliopita gari nalo likastaafishwa, likapigwa mnada, na aliyelinunua ni mimi! Viti vya ngozi. Dirisha la darini linalofunguka kwa kitufe. Kiti cha dereva kina kipasha joto. Kwa jua hili sikihitaji, lakini ni vyema mtu kuwa nacho na kukikataa.

Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, mke wangu anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ameisubiri nafasi hiyo miezi saba. Yeye ni mshonaji, na tangu mwaka jana hawezi kutunga uzi. Msusi wa ng'ambo ya barabara humtungia sindano kumi kila asubuhi. Uzi wa sindano ya kumi ukiisha, kazi ya siku imekwisha. Hospitali imesema wazi kwamba anayechelewa hurudishwa mwisho wa orodha.

Nimemwahidi kwamba atashuka mlangoni pa hospitali kama mke wa mkurugenzi. Akasema yeye angependa kushuka tu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimebuni njia. Kusukuma!

Niliwakusanya seremala, msusi, na wateja wawili wa msusi, mmoja wao akiwa amesukwa upande mmoja tu. Mimi niliketi kwenye usukani kwa sababu lazima mtu aongoze. Walisukuma kutoka langoni kwetu hadi kwa seremala. Halikuwaka. Nikawaomba waongeze bidii. Seremala akaniuliza kama na mimi nina mpango wa kuongeza kitu, labda kwa kushuka.

Hapo ndipo alipopita shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni mwalimu wa udereva. Ana kigari cha kufundishia chenye ukubwa wa kabati la vyombo, na juu yake kibao. Alishusha kioo akapaza sauti isikike mtaa mzima: "Shemeji! Hilo ni otomatiki! Haliwaki kwa kusukumwa, hata mkilifikisha mpakani!" Kisha akamgeukia mwanafunzi wake, akamwambia azingatie, maana swali hilo hutoka kwenye mtihani.

Wasukumaji wakaacha palepale. Hawakulirudisha gari nyuma hata hatua moja. Limekaa mbele ya karakana ya seremala, na yeye amekwisha egemeza milango miwili ya mbao ubavuni mwa gari ikauke rangi.

Shemeji akasema Ijumaa atakuja saa moja na nusu kumchukua dada yake. Ati katika kabati lile! Nilitafakari haraka. Nikamvuta kando, nikamwambia hospitali imesogeza siku hadi Jumatatu. Si uongo hasa. Ni hatua ya kiutawala.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimemwita fundi umeme wa magari. Mtaa mzima humwita Waya, kwa jinsi alivyo mwembamba. Hakugusa boneti kwanza, jambo lililonitia shaka. Aliinua zulia la miguuni pa abiria, akalikamua. Likatoa maji ya kutosha kuosha vikombe.

Alieleza hivi. Dirisha la darini lina vifereji vinne vya kutolea maji ya mvua. Vyote vimezibwa na majani. Basi maji huteremka ndani ya nguzo ya mlango na kuingia katika sanduku la fyuzi. Vituo vya fyuzi vimeota kutu ya kijani, umeme unavuja gari likiwa limelala, na asubuhi betri huamka tupu. Stata haina kosa. Inakosa nguvu tu, kama mtu aliyeamshwa na njaa. Akauliza ni nani aliyekuwa akiliegesha chini ya mti.

Nikamwambia mkurugenzi.

(Mti ni wetu. Pale ndipo linapoonekana vizuri kutoka barabarani.)

Waya akachomoa betri akaenda nayo kuichaji. Akaagiza sanduku la fyuzi liachwe wazi likauke kwa siku mbili. "Mzee, usiguse. Umenisikia? Usiguse." Nikasema nimemsikia. Ni kweli nilimsikia.

Lakini siku mbili! Ningefika Ijumaa bila hata kulijaribu. Nikavuka barabara, nikamwomba msusi aniazime mashine yake ya kukaushia nywele. Nikachomoa fyuzi zote, thelathini na nane, nikazipanga kwenye sinia la mke wangu, nikazipuliza moja moja. Mke wangu akauliza harufu ile ni ya nini. Nikasema ni maendeleo.

Nimezirudisha zote. Zimebaki mbili. Bila shaka kiwanda kiliweka za akiba. Nimezitia katika mfuko wa shati.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Limewaka!

Waya alirudisha betri mapema, kwa kuwa nilimpigia simu mara sita, akasafisha vichwa vyake kwa brashi, nami nikazungusha ufunguo. Lilinguruma vilevile kama enzi zile. Karibu ninyoshe mkono kupokea mkoba.

Dosari mbili ndogo. Kwanza, gia haikutoka mahali pa kuegeshea. Pili, nilipowasha taa ya kukunja kushoto, honi ililia. Waya alifungua sanduku. Akauliza ni nani aliyegusa. Nikasema huenda ni paka.

Akasema paka huyo ameacha mashimo mawili matupu, na moja ni la taa za breki. Gari la namna hii haliruhusu gia itoke mpaka lihakikishe dereva amekanyaga breki, na bila fyuzi ile halina habari. Akamwomba paka arudishe alichochukua. Nikatoa zile mbili mfukoni. Gia ikatoka. Waya akasema ndani ya kifuniko cha sanduku kuna mchoro unaoonyesha kila fyuzi mahali pake, na kwamba hata paka angeweza kuusoma.

Kuhusu honi, alisema maji bado yamo. Mpaka pakauke kabisa, nikunje kulia tu.

Nikaenda hadi ofisi yetu ya zamani kwa kukunja kulia tu. Safari ya dakika kumi ilinichukua dakika hamsini, na nilipita mbele ya duka moja mara tatu. Mara ya tatu mwenye duka alinipungia. Nilipofika getini, bawabu alikaza mgongo akapiga saluti. Kisha akaniona. Lakini saluti ilikwisha pigwa, wala hairudishwi!

Waya alikuwa ameacha maagizo mawili. Jioni nitoe ufunguo katika swichi. Kisha nifungue kichwa hasi cha betri, kwa kuwa umeme bado unavuja. Nimeyapima. Betri ikifunguliwa, kiti kitasahau tena, nami leo nimetumia nusu saa kukifundisha upya. Kile kiti kina kumbukumbu: ukibonyeza namba moja, kinajisogeza chenyewe mpaka mkao wa mkurugenzi. Miguu yangu haifiki vizuri kwenye pedali, lakini huo ndio mkao. Siwezi kuufuta kwa ajili ya tahadhari za fundi. Ufunguo nao nimeuacha kwenye swichi, ili vizoeane. Mnadani walitoa huo mmoja tu, na hautambuliwi kila mara.

Jalada la hospitali, lenye kadi ya miadi na majibu ya vipimo, nimeliweka tayari kiti cha nyuma. Hakuna litakalosahauliwa. Mipango ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Milango imejifunga yenyewe. Ufunguo ndani. Jalada ndani. Betri imekufa kabisa.

Saa moja na robo. Nilijaribu waya wa kutundikia nguo. Nilijaribu rula ya mke wangu ya kupimia suruali. Nilimpigia Waya simu; alikuwa chini ya lori upande wa pili wa mji, na alinisikiliza kwa sentensi moja na nusu. Akaniuliza kama nilifungua kichwa cha betri. Nikamwambia laini inakatika.

Mke wangu alikuwa amekwisha vaa. Amesimama barazani, mkono kwenye nguzo, uso ameuelekeza mahali ambapo anajua gari lipo kwa kuwa ni kivuli kikubwa kuliko vingine. Akauliza saa. Nikampa saa pungufu kidogo. Akaniambia kengele ya shule imelia sasa hivi, hivyo ni saa moja na nusu; ndugu yake yuko wapi?

Ikanibidi niitaje ile hatua ya kiutawala.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alisema polepole kwamba miezi saba ameshona kwa vidole, ameshona mikono ya kushoto mahali pa kulia na kuifumua, na kwamba hakuniomba gari, aliomba jicho. Kisha akaniambia nimpigie shemeji, sasa, na nimwambie ukweli kwa maneno machache.

Nikampigia. Shemeji alisema mambo ambayo hayafai kuingia katika kumbukumbu. Alikuwa njiani na mwanafunzi. Akasema dakika tano.

Lakini jalada! Bila kadi hawampokei mtu. Nilikuwa nikieleza mpango wangu wa tatu, wa kumwomba seremala aje na patasi, mke wangu alipoingia ndani na kutoka na pasi. Ile ya mkaa, nzito, ya kunyoshea makoti. Akauliza jalada liko upande gani. Nikasema nyuma, kushoto, ila kioo hicho ni cha asili, kina alama ya kiwanda pembeni. Alikipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa kitambaa kutafuta upindo. Akarudi nyuma nusu hatua. Akapiga mara moja.

Mwanamke asiyeweza kutunga uzi!

Hata king'ora hakikulia. Nilifedheheka kwa niaba ya gari.

Shemeji alifika na mwanafunzi kwenye usukani: mkunga mstaafu, somo lake la tatu. Nikashauri wabadilishane viti. Shemeji akasema muda wa kubadilishana viti niliutumia mimi tangu Jumanne. Mkunga akasema tusihofu, maisha yake yote amewahi watu wasiongoja. Niliketi nyuma, magoti masikioni, jalada kifuani. Injini ilimzimikia mara mbili njiani, na mara zote mbili iliwaka papo hapo. Shemeji alinitazama katika kioo.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika nne. Mke wangu alishuka mlangoni. Hakuna aliyepiga saluti. Muuguzi aliita namba yake kabla sijamalizia kufungua mlango wangu, ambao, naona ni haki kuandika, ulikuwa umekwama.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Bandeji ilitolewa jana. Anaona!

Alianza kwa kusoma kibao cha jina kifuani pa muuguzi, kwa sauti, herufi zote. Leo asubuhi nilimkuta dirishani akitunga uzi. Sindano ya kwanza, ya pili, ya tano. Alizichomeka kwenye pazia zikafika kumi na moja. Nikamwuliza atashona nini. Akasema hashoni chochote, anatunga tu. Msusi alivuka kuja kumtungia zake kumi kama kawaida, akazikuta pale paziani zikimeta, akaketi chini akalia. Nami nilitoka nje kidogo. Vumbi.

Baadaye mke wangu akataka kuliona gari. Shemeji alikuwapo, sikumwalika. Mke wangu alilizunguka mara moja, taratibu, mikono nyuma. Akauliza kwa nini mlango wa nyuma ni wa buluu. Sikuwa nimeona haja ya kulitaja hilo, hata humu. Akauliza tena kama boneti ndiyo ile "nyeusi ya kung'aa" niliyomsimulia mwezi mzima, au nyeusi yenyewe inakuja kesho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ua asianguke. Shemeji naye akashika ua. Ni furaha ya kupata nuru, na sikuona sababu ya kuwakatiza.

Daktari amepanga jicho la pili baada ya miezi mitatu. Kadi hiyo ameishika mke wangu mwenyewe. Aliisoma mbele ya ndugu yake, siku, tarehe na saa, mara mbili, akamtaka airudie. Naona anataka kunipunguzia majukumu.

Lakini miezi mitatu ni muda wa kutosha kabisa! Waya alipita mchana, akaketi ndani ya gari kwa saa nzima, akatoka akijifuta mikono. Amesema vifereji vizibuliwe kwanza, kisha sanduku la fyuzi libadilishwe, kisha nyaya za stata, kisha swichi ya ufunguo, na kabla ya hayo yote kuisha gari lisiende popote. Alirudia kwa mpangilio huohuo. Nimemsikiliza kwa makini, na nimeyaandika yote.

Kesho naanza na redio.