Mhusika wa Mabango

Jina alilopewa na mamaye alishalisahau. Mji mzima ulimwita Gundi, maana mali ya mtu ikimgusa mkono haibanduki. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya ukuta wa manispaa akisoma tangazo jipya: bango la muda lisilo na kibali liondolewe mara moja. Wengine walisoma wakasonya. Gundi alisoma akalamba midomo. Bango si turubai? Na turubai si paa la kuwauzia wale wanaojenga vibanda sokoni?

Wakubwa wetu, Mungu awape maisha marefu, na macho pia akipenda, huona kitambaa cha maskini kikipepea, ila shimo linalomeza pikipiki nzima hawalioni. Basi Gundi akavaa kofia ya bluu, akachomeka kalamu mbili mfukoni, maana mwenye moja ni karani tu, akaingia uchochoro wa mafundi.

Kinyozi alishusha bango lake akiomba radhi. Fundi viatu alilikunja la kwake mwenyewe, akamfungia na kamba. Akabaki Mama Pindo, fundi cherehani, aliyejibanza mwisho kabisa, nyuma ya kona. Bila bango lake pale mbele, hakuna mteja ambaye angejua kama yuko hai.

"Mama, shusha. Sheria."

"Nikishusha, baba, wateja watanipataje? Kwa kunusa?"

"Hilo si langu. Mimi natekeleza."

"Kwani wewe ni nani huko manispaa?"

Gundi akatunisha kifua. "Mimi ndiye mhusika."

Mama Pindo akaacha kushona, akainuka. Tangu mvua za mwaka jana mafundi wa uchochoro walikuwa wakienda manispaa kulalamikia mtaro wao ulioziba, na kila dirisha liliwajibu neno lile lile: mhusika hayupo.

"Mhusika mwenyewe?"

"Mwenyewe hasa."

"Jamani, tokeni!" Mama Pindo akapaza sauti. "Mhusika kapatikana!"

Wakatoka: kinyozi na wembe wake, fundi viatu na nyundo, na seremala mwenye mabega kama kabati. Hakuna aliyemtukana. Shikamoo mheshimiwa, pole na kazi, tupokee huo mzigo. Mabango yakarudi kwa wenyewe. Wakamwongoza hadi mtaroni, wakamvua viatu visichafuke, wakampa koleo.

"Ndugu zangu, mimi ni wa mabango tu!"

"Dirisha la mabango ndilo lililotuambia tukungoje," kinyozi akasema. "Karibu ndani."

Tope lilimfika magotini, rangi yake haina jina. Kila akichota, mtaro unaguna na kurudisha. Mwisho Gundi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aote ndevu: akasema kweli.

"Haki ya Mungu, mimi si wa manispaa! Mimi tapeli! Nilikuja kuwaibia!"

Mama Pindo alikuwa juu ya kiti, akikaza kamba ya bango lake. Hata hakugeuka.

"Kwani nani kasema kuna tofauti? Zibua, baba."