Malalamiko Dhidi ya Chuma Kinachokataa Kupasuka

Kwa Mkuu wa Maabara ya Vyuma,
Ghorofa ya Juu.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: UKAIDI WA CHUMA KILICHOLETWA MEZANI KWANGU

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa kwa hasira nimeshatoboa karatasi mbili. Mimi ndiye fundi wa mashine ya kuvuta vyuma hadi vipasuke, chumba cha chini, yule mnayemwita Mzee Vunja. Mwisho wa mwezi huu nastaafu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna chuma kilichoingia kwangu kikatoka kizima. Sasa kimepatikana kimoja, na nisipokipasua nitaaga hapa na aibu yangu. Malalamiko ni haya:

1. Hakina mkubwa. Vyuma vya kawaida vina mwenye nyumba, wengine wanatiwa kidogo tu kama chumvi. Humu wamo watano: chuma chenyewe, nikeli, kobalti, kromi na manganizi, na kila mmoja kapewa sehemu sawa na mwenzake. Nikitaka kulaumu, nimkamate nani shati? Naomba wafanye uchaguzi wapate mwenyekiti.

2. Kina hila. Nikikivuta, ufa unaanza vizuri kabisa, nami nanyanyuka kitini. Ghafla chembechembe zilizo mbele ya ufa zinajipanga upya, mpangilio mwingine kabisa, na ufa unakwama. Kuhamisha vyumba wakati mgeni yuko mlangoni, huo ni ustaarabu gani?

3. Nimekitumbukiza kwenye baridi inayofanya vyuma vingine vikatike kama biskuti. Kikazidi kuwa sugu! Jamani, kimenidharau waziwazi.

4. Aliyekitengeneza ni binti yangu wa kumzaa, mtafiti wenu wa ghorofa ya pili. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika spana! Kila asubuhi ananiuliza kwa adabu kama kimepasuka. Namjibu bado, na mama yake anageukia ukutani kucheka.

Kwa hiyo naomba chuma hiki kiitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Kikigoma hata hapo, kifukuzwe kazi, nami nipewe cheti kinachothibitisha kwamba kilipasuka kimoyomoyo.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini, na hasa mama wa chai, maana ni yeye peke yake anayeniuliza nimeamkaje bila kuuliza habari za ufa.

Ni mimi, ninayevuta bila mafanikio,
Mzee Vunja

Baada ya sahihi: Mkuu, nilikuwa nafunga bahasha, mashine bado inavuta, nikasikia ta! Kimepasuka. Nilidhani nitaruka kwa furaha, kumbe nimejikuta nimekaa sakafuni. Binti kashuka mbio, anaupiga picha ufa huku anaimba, eti ndio aliokuwa akiungoja miezi minane aone unavyopita. Lakini kesho asubuhi nani ataniuliza kama kimepasuka? Chanachana barua hii, tafadhali, umruhusu ayeyushe kingine, kigumu kuliko hiki. Nitakivuta mimi mwenyewe, polepole.