Hatua Elfu Ishirini na Sita za Fundi Semboja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nesi Salome amenipima presha. Mia sabini na mbili kwa mia na nne. Akapima na mkono wa pili, kisha akanitazama kama mtu anavyotazama gauni lililoungua pasi. Akasema nina miaka hamsini na tatu, nakaa kwenye cherehani kutwa, chumvi nalamba kama ng'ombe, na mawazo nimeyapanga kichwani kama majora ya vitambaa dukani. Kanipa vidonge. Kaagiza nitembee kila siku, nipunguze chumvi, nilale mapema na nisigombane na watu.

Nisigombane na watu! Mimi, jirani yake Richard!

Nikamsimulia mke wangu Chausiku. Alikaa jikoni, kopo la chumvi mapajani. Mwaka juzi kaka yangu Mustafa alifariki kwa kiharusi akiwa peke yake shambani, ameinama kufunga kamba ya kiatu. Nilimwambia mke wangu nitakuwa mtu mpya. Nilimaanisha kabisa. Kwa saa moja hivi.

Jumanne, 15 Julai

Nimejiunga na kikundi cha mazoezi cha Nesi Salome. Tuko kumi na mmoja, wote wa presha na sukari. Simu zinahesabu hatua, jioni kila mtu anatuma idadi yake kwenye kundi la WhatsApp. Atakayewashinda wenzake mpaka Ijumaa ataongoza matembezi ya Jumamosi hadi Kwamndolwa, na Jumapili ya wiki ijayo atazungumza kwenye siku ya afya kule Handeni, amevaa fulana ya njano iliyoandikwa BALOZI WA AFYA. Fulana nimeiona. Kola imeshonwa ovyo, lakini inang'aa!

Richard: hatua elfu tisa. Alibeba mizigo kiwanda cha mkonge Ngombezi miaka ishirini, miguu yake ni nguzo. Akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kutembea au kuwapima suruali. Wakacheka.

Mimi: hatua mia nane na kumi.

Jumatano, 16 Julai

Nilitoka asubuhi na nia njema. Ukungu umejaa Old Korogwe yote. Milima ya Usambara haikuwepo, kana kwamba kuna mtu ameikunja akaiweka kabatini. Nikafika Mto Pangani, nikakaa kidogo kutazama maji. Yanapita polepole, rangi ya chai ya maziwa. Nikawaza, heri mto. Kutwa uko safarini, na bado umelala chali.

Nilipozinduka jua lilikuwa juu na mteja wa gauni la harusi alikuwa amepiga simu mara saba. Hatua: mia sita.

Nikarudi dukani kwa hasira, nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga. Nikatazama miguu yangu. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka.

Subhanallah. Kumbe mimi natembea maisha yangu yote!

Alhamisi, 17 Julai

Nimefunga simu kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha bitana. Hatua elfu ishirini na sita!

Na wala si uongo mtupu. Kwenye mishono mirefu nilifumba macho, na cherehani ikawa barabara. Nikapita Ngombezi, mkonge umenyooka mistari kama mshono wa mkono mzuri. Ukungu ulikuwa laini, nikawa naupasua kwa goti. Kina mama wakaniamkia njiani, nikaitikia marahaba kwa sauti. Chausiku, aliyekuwa akibandika vifungo, akauliza namwitikia nani.

Nikaelekea Handeni. Sikuchoka, sikuona vumbi. Mahali fulani kaka Mustafa alikuwa amesimama kando ya njia, viatu vyake vimefungwa vizuri, kamba zote mbili. Akanipungia mkono. Nikakanyaga taratibu, nisimpite upesi.

Gauni limekwisha. Pazia moja la mteja limepindwa mara nne.

Jioni nikatuma idadi. Kisha dada Ikram, muuza mchele, akaandika mashallah. Richard akauliza nilipita njia ipi, maana yeye kutwa alikuwa barabarani na hakuniona. Nikajibu kwamba muungwana hatembei ili aonekane.

Ijumaa, 18 Julai

Elfu thelathini na moja! Nimeshinda. Nesi Salome kanipongeza kwa sauti yenye shaka kidogo. Wivu wa kitaalamu.

Jioni Richard alikuja dukani, akasimama mlangoni. Akasema, "Fundi, kesho kuna mlima na jua. Kama hujazoea, sema tu. Hakuna atakayekucheka."

Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Akaondoka.

Vidonge leo sikumeza. Mtu wa hatua elfu thelathini na moja, vidonge vya nini?

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa kitandani, zahanati.

Nilianza vizuri, mbele kabisa, kidevu juu. Mlimani miguu ikawa ya mtu mwingine. Kisogo kikagonga kama nyundo. Kisha ukungu ukarudi, na jua lilikuwa linawaka. Mzuri ajabu, mweupe, unaita. Nikaona si vibaya nikilala humo kidogo.

Nilipofumbua macho nilikuwa mgongoni kwa Richard, anashuka mlima mbio. Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa napumzika tu. Akasema, "Shika shingo, usiongee."

Mia themanini na nane kwa mia kumi na nne. Nesi Salome aliponivua kiatu akakuta kipande cha bitana kifundoni. Nilikuwa nimesahau kukifungua. Ikabidi niseme yote, cherehani na vidonge, watu kumi wakisikiliza.

Chausiku alifika kanga imepinduka. Machozi yanamtoka; sikuwa nimemwona akilia tangu msiba wa Mustafa. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka yako hakuwa na mtu wa kumbeba. Wewe unaye, na ulimwona adui."

Niligeukia ukutani. Ukuta wa zahanati una rangi ya bluu nzuri sana ukiutazama kwa machozi.

Ijumaa, 25 Julai

Vidonge kila siku. Mboga haina chumvi, ina ndimu. Asubuhi natembea na Richard mpaka mtoni na kurudi. Hatusemi mengi. Jana alinionyesha ndege mweupe juu ya maji, tukamtazama mpaka akaondoka.

Mia arobaini na mbili kwa tisini. Nesi Salome katabasamu.

Jumapili, 27 Julai

Handeni. Richard, mshindi wa kweli, kavaa fulana ya njano, kaitwa kuzungumza, kakwama. Mtu wa mizigo, si wa maneno. Akaniita nisimame mimi. Nikasimulia yote, hata pazia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha nikamtaja Mustafa na kamba ya kiatu chake.

Mwishoni mkulima mmoja, Mzee Kibwana, akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba vidonge vyake anavificha kwenye mfuko wa mbegu, mkewe hajui. Leo atamwambia. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, hakuuachia upesi.

Njia nzima ya kurudi nilitazama mawingu. Moyo mwepesi kama pamba. Nimejifunza. Nimepona tamaa, nimepona ushindani.

Jumatatu, 28 Julai

Nesi Salome kaanzisha zoezi jipya la kupunguza mawazo. Kila mtu apumzike nusu saa baada ya chakula cha mchana, bila simu, bila redio.

Dada Ikram anasema Richard amepumzika dakika arobaini na tano. Arobaini na tano!

Hapana. Huyu namheshimu, lakini hapana. Nitapumzika kuliko mtu yeyote wilaya ya Korogwe. Nimefunga duka. Nimechora ratiba ya siku thelathini: kupumzika chali, kupumzika ubavu, kupumzika macho wazi. Nimeshona mto maalumu, nimeufumua, nimeushona tena. Mkeka nimeuhamisha mara sita kutafuta upepo. Jasho linanitoka.

Chausiku amenitazama dirishani, akasema, "Baba, si ujilaze tu?"

Nimemwambia asinisumbue, sina muda wa kulala.