Malalamiko Dhidi ya Mtungi wa Pumba

Kokura,
Jumapili, baada ya kuosha mikono tena.

Kwa Bibi Fumie, mwenye mtungi,
Nyumbani kwa Shangazi Nobuko, Kumamoto.

Shikamoo Bibi. Natumaini goti linapona na Shangazi hakulishi uji kila siku. Sisi tu wazima. Naandika kwa heshima zote kuulalamikia mtungi wa pumba za mchele tunazochachushia mboga, ulioniachia niukoroge mpaka utakaporudi.

1. Mkono wangu unanuka. Uliagiza nikoroge kwa mkono mtupu, hadi chini kabisa, kwa sababu mwiko hauna ladha. Nimetii. Juzi darasani Rinka, jirani yangu wa dawati, aliniuliza, "We Mizuho, umeshika soksi ya nani?" Nikamweleza kwamba ni urithi wa ukoo. Akasogeza kiti.

2. Kila ukipiga simu unauliza, "Amelalaje?" Mara ya kwanza nilijibu kwamba nimelala vizuri, asante. Ukasema, "Si wewe, mjukuu wangu. Mtungi." Bibi, shuleni tunafundishwa kwamba mtungi ni kitu. Haulali, wala hauitwi "yeye".

3. Joto lilipoanza, Mama aliitoa feni chumbani kwangu akaipeleka jikoni. "Yeye akipata joto anaharibika," alisema. Mimi nikipata joto naharibika pia, ila hakuna anayenionja.

4. Matango yakitoka na chumvi kali, nalaumiwa mimi. Yakitoka matamu, unasifiwa mtungi, ambao haujawahi hata kuosha tango.

5. Hili ndilo zito. Ulisema pumba hushika ladha ya mkono unaozikoroga. Basi kila nikikoroga, mkono wako unatoka na wangu unaingia. Ukizidi kukawia, utarudi ukute mtungi mzima ni mimi. Sitaki ukoo unikumbuke kwa hilo.

Kwa hiyo naomba mtungi uje kukaa nawe huko Kumamoto. Gari la vifurushi nimeshaliita. Nafasi yake jikoni nipewe mimi: niwekwe kivulini, nipulizwe na feni, na kila siku mtu aulize nimelalaje. Naamini ombi hili lenyewe si pumba.

Nisalimie Shangazi, paka wake, na daktari wa goti.

Mjukuu wako mtiifu,
Mizuho

N.B. Jana Mama alipika samaki, vibua, kwa tangawizi, mchuzi wa soya na pumba za mtungini, polepole mpaka miiba ikalainika. Baba alitafuna kidogo, akaacha, akageuka kutazama mlangoni. "Mama karudi?" aliuliza, akimaanisha wewe. Kisha akaongeza wali.

Gari la vifurushi limefika sasa hivi. Nimemwambia dereva amekosea nyumba.

Amelala vizuri, Bibi. Njoo umwone mwenyewe.