Tamasha la Nusu Kichwa

Jumatatu, 2 Juni

Nimeangukiwa na kiti nikitafuta kandambili. Nina viti mia na ishirini vya plastiki, vyeupe (zamani), vimepangwa sebuleni hadi darini. Biashara ya kukodisha viti ni nzuri sana. Ina kasoro moja tu, hakuna anayekodi. Tangu jirani wa ng'ambo ya barabara alete viti vyake vyenye mito na riboni za dhahabu mgongoni, kila mtu anakwenda kwake. Harusi kwake. Misiba kwake. Jamani, hata msibani riboni! Mtaa mzima unamwita Riboni, na yeye anaitika kabisa.

Wakati wa chai mama watoto akatoa amri. Binti yetu wa kwanza anakuja kujifungulia hapa, maana mume wake yuko kazini mbali. Atafika wiki ya tatu. Atalala sebuleni, chumba kingine hatuna. Kwa hiyo viti vitoke. Nikasema vitatoka. Akasema nilisema hivyohivyo mwaka jana. Kisha akashusha sauti, na sauti yake ya chini naiogopa kuliko ya juu, akasema mjukuu wake hatalala chini ya mnara wa plastiki.

Nikamsahihisha kwamba ni mjukuu wetu. Kosa. Chai ya pili sikupewa.

Kuviuza siwezi. Mfanyabiashara hauzi mtaji.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda ofisi za halmashauri kumshtaki Riboni kwa kuziba njia ya waenda kwa miguu. Karani alikuwa amekwenda kunywa chai. Bahati iliyoje! Nikabaki nasoma ubao wa matangazo.

Halmashauri itafadhili matamasha ya mitaa. Fungu lipo, na lisipotumika kabla mwezi haujaisha linarudi lilikotoka. Sharti: tamasha liwe limefanyika miaka mitatu mfululizo, na ushahidi wa picha uwepo.

Mtaa wetu haujawahi kuwa na tamasha. Haujawahi hata kuwa na mkutano ulioisha bila ugomvi. Lakini hilo ni suala la picha tu.

Tamasha linahitaji viti. Nani ana viti? Halmashauri itakodi vyangu. Kwa malipo hayo nitapanga ile stoo ya nyuma ya mashine ya kusaga, viti vitahamia huko, binti atalala sebuleni, na mama watoto ataacha kuniita "wewe".

Fomu ina kurasa tano. Nimesoma tatu. Ukurasa wa nne umeandikwa kwa herufi ndogo mno, na miwani yangu imekaliwa. (Na mimi.) Ukurasa wa tano ni sahihi tu. Penye swali la mahitaji makuu ya tamasha nimeandika kwa herufi kubwa: VITI. Chini yake nikaongeza: vingi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya picha. Miaka mitatu imepita kati ya saa nne asubuhi na saa sita.

Fundi cherehani alitukopesha nguo za wateja wake. Mwaka wa kwanza tulivaa zilizokwisha kushonwa. Mwaka wa pili tukazigeuza ndani nje. Mwaka wa tatu tukavaa sare za wasimamizi wa harusi fulani ya wiki ijayo, na tukaambiwa tusikae, tusijikune, tusitoe jasho. Watu walikuwa wachache, lakini umeme ulikuwa umekatika, hivyo Kinyozi akafunga duka akaja pamoja na mteja wake, Mwalimu Mstaafu. Majirani wakapiga makofi kwelikweli. Nilitoa hotuba tatu. Ya mwaka jana ilinigusa hata mimi.

Fundi cherehani akauliza je, wakubwa wakigundua? Nikamwambia nimekagua kila vazi kwa macho yangu mawili. Hakuna nguo iliyojirudia.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepeleka fomu. Riboni alikuwa mlangoni kwake, akauliza nakimbilia wapi na bahasha. Nikajibu mambo ya serikali. Akacheka. Atacheka!

Jumatatu, 9 Juni

Nimeitwa na Afisa Utamaduni. Mama mmoja mtu mzima, mpole, kioo cha kukuzia maandishi mkononi. Akanikaribisha kiti (kibovu, miguu imelegea, changu ni imara zaidi). Akaziweka picha tatu mezani. Akaniuliza huyu bwana ni nani.

Mwalimu Mstaafu. Katikati ya picha zote, anatabasamu, upande wa kulia wa kichwa umenyolewa, wa kushoto una nywele zote. Umeme ulikatika amefika nusu! Nami nilikuwa nakagua nguo. Miaka mitatu mfululizo, nusu kichwa ileile, na povu lilelile sikioni.

 Nikajisikia nikisema hiyo ndiyo mila ya tamasha letu. Kwamba siku moja ya sherehe umeme ulikatika kwa kinyozi, mzee mmoja akaachwa nusu, na mtaa mzima ukanyoa nusu ili asiaibike peke yake. Sijui nilikoyatoa. Karibu yote ni kweli, ukiondoa mtaa mzima.

Afisa akavua miwani akaifuta. Akasema tangu aanze kazi anafadhili hotuba. Kila tamasha ni hotuba, muziki, hotuba. Hili ndilo la kwanza lenye kitu chake. Akakata jina nililoandika, Tamasha la Umoja na Maendeleo, akaandika kwa kalamu yake mwenyewe: Tamasha la Nusu Kichwa.

Nimerudi nyumbani naelea.

Alhamisi, 12 Juni

Barua imefika. Tumekubaliwa! Tamasha litafanyika Jumamosi ya tarehe 21, mbele ya Afisa mwenyewe. Msaada utafuata baada ya kukaguliwa. Kisha sentensi moja fupi: mwenyekiti wa tamasha ataongoza mila.

Mwenyekiti ni mimi.

Nikaitisha kamati ili tugawane heshima hiyo. Fundi cherehani akasema yeye hufunga kitambaa kichwani, nusu haitaonekana. Mwalimu Mstaafu akasema keshatoa mchango wake wa miaka mitatu. Kinyozi akasema yeye ndiye atakayeshika mashine, nani amnyoe? Kamati ikafungwa kwa kauli moja.

Nikamweleza mama watoto. Akaniangalia kichwa kwa muda mrefu, kama anayekiaga. Akauliza kitu kimoja tu: je, viti vitatoka? Nikaapa.

Jumamosi, 21 Juni



Asubuhi nilitoa viti vyote barabarani. Sebule ikawa tupu. Nilikuwa nimesahau tuna dirisha upande ule! Mama watoto akafagia, akaweka kitanda, akatandika shuka la maua, akasimama katikati mikono kiunoni. Akaniita baba watoto. Nikatoka nje haraka nikajifanya nahesabu viti.

Watu walijaa. Nani hapendi kuona jirani ananyolewa nusu? Riboni alikuja na kiti chake mwenyewe, chenye mto, akaketi mbele kabisa kama bwana harusi. Afisa akatoa hotuba, nami nikatoa, kisha nikakaa na Kinyozi akawasha mashine. Upande wa kulia ukaenda. Mpango ulikuwa Afisa apige picha, aondoke, nami nimaliziwe wa kushoto kimyakimya.

Afisa akapiga picha. Umeme ukakatika.

Nikaomba wembe. Kinyozi akasema ameapa kutoshika wembe tangu siku ya sikio la fundi bomba.

Hapo ndipo gari ya kukodi ikasimama na binti yangu akashuka, tumbo mbele, mfuko begani. Akatutazama sote. Akanitazama mimi. Akasema "Baba?" kisha akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika mlango wa gari. Akacheka hadi akainama. Kisha akaacha kucheka, akasema mama yake aitwe upesi. Haikuwa siku yake, ilibaki wiki nzima!

Gari ileile ikageuza kwenda hospitali, nami kiti cha mbele. Umati ukapiga makofi. Afisa, naambiwa, aliandika kwenye daftari lake.

Jumapili, 22 Juni

Mtoto wa kike. Salama. Mama yake salama.

Muuguzi wa zamu alinitazama kichwa akaniuliza kwa upole nimetoka wodi gani. Mama watoto akasema huyu ni babu wa mtoto, hana madhara. Wakaniruhusu.

Nikamshika. Ana nywele nyingi upande mmoja, upande wa pili hamna kitu. Binti akasema kachukua kwa babu yake, akaanza tena kucheka, muuguzi akamkataza kwa ajili ya tumbo. Mimi nililia. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma humu. Nililia hadi povu la Kinyozi lililokaukia sikioni likalowa.

Huku nyuma viti vimeshaingia stoo ya mashine ya kusaga. Mwenye stoo amekubali kusubiri hadi halmashauri inilipe. Nimewaza kila kitu.

Jumatatu, 23 Juni

Wamerudi nyumbani. Mtoto amelala sebuleni, chini ya dirisha, na nafasi imebaki ya kutembea. Umeme umerudi, nywele zimelingana. Riboni amekuja kumwona mtoto akaleta riboni. Nimeipokea kwa adabu.

Jumatano, 25 Juni

Lori la halmashauri. Nilitoka mbio nikidhani wameleta hundi kwa heshima kubwa.

Wameleta viti. Mia mbili. Vya buluu, vipya, nembo ya halmashauri mgongoni na maneno MALI YA UMMA.

Nikamwambia dereva amekosea nyumba. Akanionyesha karatasi. Mahitaji makuu ya tamasha: VITI. Chini yake: vingi. Mwandiko wangu, hakuna ubishi. Nikasema nilimaanisha wakodi vyangu! Akafungua ukurasa wa nne, akanisomea polepole kama anayemsomea mgonjwa. Halmashauri haitoi fedha wala haikodi, inatoa vifaa. Vifaa vitatunzwa nyumbani kwa mwenyekiti. Vitakaguliwa bila taarifa. Mkazi yeyote akivihitaji ataazimwa bure.

Bure!

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amesimama hapo hapo, ametega sikio. Kabla lori halijageuza, mkokoteni wake ulikuwa unaniletea mia na ishirini vyangu.

Nikamtazama mama watoto. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, mkono huku na mkono huku.  Nyuma yake mtoto alikuwa anapiga miayo. Nikaelewa kwamba kiti hata kimoja hakipiti hapo, kiwe cha umma au cha babu yake.

Viti mia tatu na kumi na vinne vimo chumbani kwetu. Mama watoto amehamia sebuleni kwa binti na mjukuu, ameniambia kuna hewa nzuri sana. Mimi nalala jikoni, juu ya viti sita. Ni vyangu, vyeupe. Vya umma haviruhusiwi kulaliwa.

Ijumaa, 27 Juni

Mkazi wa kwanza kuja kuazima ni Riboni. Viti hamsini. Sikuweza kukataa, sheria ni sheria. Nikamsaidia hata kubeba.

Mchana nimepita kwake. Amevivisha vitambaa vyeupe, amefunga riboni juu ya nembo, na anavikodisha! Nikamwambia ni mali ya umma. Akasema kweli kabisa, na yeye ni umma. Kisha akanishauri nami niazime, vipo vingi kwa mwenyekiti.

 Jibu la kumpa nimelipata sasa hivi, lakini duka lake limefungwa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda halmashauri kumshtaki Riboni. Karani amekwenda kunywa chai. Ubaoni kuna tangazo jipya!

Halmashauri itafadhili kwaya za mitaa. Sharti: kwaya iwe imeimba miaka mitano mfululizo, ushahidi wa picha uwepo. Miaka mitano ni asubuhi moja tu, tukianza mapema. Nimeshaongea na fundi cherehani, anazo kanzu za wateja. Safari hii nimejifunza: nimemwambia Kinyozi asije na mteja.

Na nimeona mwanga. Kwaya inahitaji kusimama juu. Viti mia mbili na sabini vilivyobaki, vikifungwa pamoja na kuwekewa mbao, ni jukwaa kamili! Halmashauri itakodi jukwaa langu, viti vitatoka chumbani, mama watoto atarudi. Ameniuliza kutoka sebuleni naandika nini. Nimemwambia mambo ya familia.

Penye mahitaji makuu nimeandika kwa herufi kubwa: JUKWAA. Chini yake nikaongeza: kubwa.

Fomu ina kurasa tano. Leo kuna joto na nzi wengi, kwa hiyo ukurasa wa nne nimeutoa nampepea nao mjukuu. Amelala vizuri sana.