Mapipa Matupu ya Hyasinta

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mtaa wetu hapa Kariakoo uliacha rasmi kuwa na takataka. Sasa una taka za kuoza, taka za kurejelezwa na taka za kutupwa, kila aina na pipa lake. Sheria ndogo hiyo niliiandika mimi, Theophil, Afisa Utenganishaji, baada ya semina tatu na chai isiyo na idadi. Atakayechanganya, mlango wake unafungwa siku saba.

Ukaguzi nilianzia kwa Hyasinta, mama lishe wa nyuma ya ofisi yetu. Mapipa yake yote matatu yalikuwa matupu. Nilishtuka.

"Mama, taka ziko wapi?"

"Sina, bosi. Maganda anachukua Melkiori wa Ilala, ana nguruwe. Chupa anazibeba muuza mafuta ya taa. Maboksi nawashia mkaa."

"Kwa hiyo hutenganishi."

"Natenganisha nini sasa?"

Wananchi wetu wananiumiza moyo, nasema kweli. Nikamweleza kwa upole: alete sampuli ya taka ofisini kabla ya saa sita, la sivyo kibanda chake kinafungwa kesho. Akasema ana watoto wanne wanaokula kwa kibanda hicho. Nikamshauri wale kidogo, wabakize.

Saa sita kasoro akaja mikono mitupu. Amri ya kufunga kibanda ilikuwa mezani kwangu, bado kugongwa muhuri tu.

"Nimezunguka mtaa mzima, bosi, taka hamna. Naomba mniazime zenu."

Ombi la busara. Nikamwagiza Bushiri, mgambo wetu, alete kapu la ofisi. Akalimwaga sakafuni: chupa za maji ya semina, mifupa ya kuku, maganda ya ndizi, na nakala arobaini za sheria yangu zimelowa mchuzi.

Hyasinta akaokota nakala moja, akaifuta kwa khanga, akasoma taratibu hadi kifungu cha milango.

"Bushiri, baba, hizi si zimechanganyika?"

Bushiri anaiheshimu sheria, nilimfundisha mwenyewe. Akatutoa nje kwa adabu, akafunga mlango kwa kufuli, akabandika karatasi ya IMEFUNGWA.

Leo ni siku ya tatu. Amri ya kibanda imo ndani, na muhuri umo ndani. Ofisi yangu ni benchi la Hyasinta, na hadi sasa hakuna mwananchi aliyeniulizia. Mchana huu nimemaliza samaki na ndizi, nikanyanyua sahani nimwage mabaki.

"Bosi," akasema Hyasinta bila kugeuka, "miiba ni ya paka, weka huku. Ganda la ndizi ni la Melkiori."

Nikatenganisha.